Takataka Zetu Zinakwenda Wapi?

Siku ya salongo watu wa Nyangwe wanashika fagio na jembe, nasi twawasifu. Lakini yatupasa kuuliza neno moja: takataka zikiisha kutoka uani, zinakwenda wapi? Mara nyingi zinatupwa ukingoni mwa Lualaba, ao korongoni nyuma ya nyumba ya jirani. Huko ni kuhamisha uchafu tu.

Wengine wanajibu: «Wazee wetu walitupa vivi hivi.» Ndiyo, lakini walitupa nini? Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 aliona soko kubwa, wanawake wakiuza samaki, mihogo na vyungu. Takataka za soko la namna ile ni majani, maganda na vigae: zinaoza, ao zinalala udongoni bila kudhuru. Zetu ni sashe za plastiki, mikebe na betri za tochi. Sashe haiozi katika maisha ya mtu. Betri ikipasuka hutia sumu udongoni. Mkebe wenye maji ya mvua huzaa mbu. Desturi ni ile ile, takataka si zile zile.

Wengine wanasema: «Hiyo ni kazi ya Leta.» Leta ilitoa amri Desemba 2017, ikakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Hata hivyo sashe zingali mikononi mwetu. Amri haichimbi shimo.

Tena wengine: «Mto unachukua yote.» Unampelekea nani? Maji haya yanashuka mpaka Kindu, na kule mama anachota kama mama wa hapa. Nguo za mgonjwa wa kipindupindu zikitupwa mtoni, ugonjwa unasafiri pamoja na maji. Tutasemaje kwamba twampenda jirani?

Basi kila mtaa uchimbe shimo lake, mbali na kisima na mto, mahali pasipofikiwa na mafuriko. Maganda na mabaki ya chakula yabaki nyumbani, yawe mbolea ya bustani. Mikebe ipondwe. Betri ziwekwe peke yake katika chombo chenye kifuniko. Plastiki isichomwe uani, maana moshi wake ni sumu kwa watoto. Kila mara udongo utiwe juu, nzi na panya wakose chakula.

Salongo ijayo tuanze na shimo, ndipo tushike fagio. Anayefagia kwake na kumtupia mwenzake hajafagia bado.