Nani Atamdhamini Mtoto wa Makao?

Aghalabu wageni wanapozuru makao ya watoto yatima, wakiisha kukabidhi magunia ya mchele, katoni za sabuni na madaftari, watoto hupangwa mstari mbele yao, na mmoja wa wageni huwauliza kila mmoja angependa kuwa nani atakapokuwa mkubwa. Majibu ni yale yale mwaka hata mwaka: daktari, rubani, mwalimu, askari. Makofi hupigwa, picha hupigwa, na msafara huondoka, wala swali lile halirudiwi tena mpaka waje wageni wengine. Hapo ndipo ilipo taksiri ninayotaka kuieleza, kwa kuwa swali lenyewe ni jema kabisa, lakini limeachiwa wapita njia, hali lilistahili kuwa kazi ya kila siku ya mtu aliyekabidhiwa mtoto yule kwa sheria.

Majibu hayo hayatokani na upungufu wa akili za watoto, bali na uchache wa mambo waliyoyaona. Mtoto anayelelewa katika ukoo huzijua kazi za watu bila ya kuwekewa darasa: mjomba wake ni dalali wa nazi sokoni, shangazi yake anaweka hesabu za ghala bandarini, jirani wa ukuta kwa ukuta anatengeneza majokofu barazani pake, na kaka wa rafiki yake amerudi chuoni akieleza namna ardhi inavyopimwa. Hata akiwa si mdadisi, masikio yake hushiba habari za mishahara iliyochelewa, za msimamizi mkali na za faida iliyopatikana sikukuu. Mtoto wa makao amemwona mwalimu, kwa kuwa amekwenda shule. Amemwona daktari, kwa kuwa ameugua. Amemwona askari, kwa kuwa pengine ndiye aliyemwokota. Na rubani amemwona kitabuni. Zaidi ya hapo, baina yake na kazi za watu pana ukuta na lango, na lango lina mlinzi.

Upungufu wa pili ni mkubwa kuliko huo. Katika miji ya mwambao, tangu zama ambazo vyuo vya ufundi havijakuwapo, kijana alifikishwa kazini kwa mkono wa mtu. Mjomba au babu alimchukua akampeleka kwa seremala, kwa sonara au kwa mwashi, akamwambia fundi, “Huyu mwanangu, mfunze kazi,” na kwa maneno hayo machache akawa ameiweka heshima yake rehani: kijana akiiba, aliyemleta hufedheheka, fundi akimdhulumu kijana, aliyemleta huja kuuliza. Mambo haya yamebadilika sura tu. Mwenye duka leo humwajiri kijana anayejulikana na mtu anayemjua, afisi hutaka majina ya wadhamini, na mwenye nyumba hataki kumpangishia chumba mtu asiyekuwa na mwenyeji. Kwa hiyo aliyekosa ukoo hakukosa malezi na kimu peke yake, amekosa na wajihi. Na nasaha, ijapokuwa tamu namna gani, haitamrudishia wajihi huo ikiwa anayeitoa hayuko tayari kusimama pamoja naye mbele ya mwenye kazi.

Nimepata kuyaona haya kwa macho huko Keko, Dar es Salaam, kwenye maseremala wanaopanga vitanda na makabati kando ya njia. Nilikuwa nikiingoja meza niliyoagiza, akaja kijana wa hirimu ya miaka kumi na saba hivi, shati limepigwa pasi, akamwamkia fundi, “Shikamoo, mzee.” “Marahaba. Mtoto wa nani wewe?” Kijana akataja jina la makao. Fundi hakumfukuza, wala hakuwa mtu wa roho mbaya, aliendelea kupiga randa, maranda ya mninga yakimwangukia miguuni, kisha akasema taratibu, “Mwanangu, hapa pana vifaa vya watu. Ukinipotea, nimwendee nani?” Kijana hakuwa na la kujibu, akaaga, akaenda zake. Nilipokwenda tena kuichukua meza yangu nilimkuta pale pale, safari hii amefuatana na mama mmoja, afisa ustawi wa jamii, ambaye alikaa juu ya benchi lenye vumbi akauliza kazi huanza na kwisha saa ngapi, kijana atakula wapi mchana, na nani atakayekuwa naye anapofundishwa msumeno wa umeme. Halafu akaandika jina lake na namba yake ya simu katika daftari la maagizo la fundi. Fundi akauliza swali moja tu: “Aanze lini?” Kijana alikuwa yule yule, na fundi yule yule.

Wala asidhani mtu kwamba naitwisha kazi ya ustawi wa jamii mzigo wa wengine. Elimu ya kuwaongoza vijana katika kuchagua kazi, ambayo leo huhesabiwa kuwa mali ya shule na vyuo vikuu, ilikulia katika nyumba ya huduma za jamii. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mtaa wa North End mjini Boston, Marekani, mahali walipofikia wahamiaji wengi maskini kutoka Ulaya, palikuwa na nyumba iliyoitwa Civic Service House, ambamo watu hao na watoto wao walipewa masomo na msaada wa kuyaanza maisha mageni. Humo ndimo Frank Parsons, mtu aliyekwisha kuwa mhandisi, mwanasheria na mwalimu wa chuo kikuu, alimoketi na vijana, mmoja mmoja, akiwahoji juu ya tabia zao, vipawa vyao, matamanio yao na hali za kwao. Na Januari 1908 ikafunguliwa afisi maalumu ya shughuli hiyo. Parsons alifariki mwaka huo huo, na kitabu chake, Choosing a Vocation, kikatoka mwaka 1909, yeye hayupo. Msingi aliouacha ni wa mambo matatu: kijana ajijue nafsi yake, azijue kazi pamoja na masharti yake, kisha ayapime mawili hayo kwa akili timamu. Kijana ambaye jamaa zake, kama alikuwa nao, hawakuwa na mtu waliyemjua katika mji ule, afisi kama ile ndiyo aliyoihitaji.

Kwetu Tanzania hatuanzi patupu. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyopo Kijitonyama, imekuwa ikifundisha maafisa tangu miaka ya 1970, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemkabidhi afisa ustawi wa jamii dhamana kubwa juu ya mtoto asiye na wa kumtunza. Kinachopungua ni wakati na insafu. Wakati, kwa sababu mazungumzo juu ya kazi huanza mara nyingi matokeo ya kidato cha nne yakiisha kutoka, au miaka 18 inapokaribia na kitanda kinatakiwa na mtoto mwingine, na kijana huulizwa ndani ya wiki moja jambo ambalo wenzake walikuwa na miaka kumi ya kulitafakari. Insafu, kwa sababu mara nyingine haulizwi kabisa. Mfadhili ameleta vyerehani, basi wasichana wote ni washonaji. Ameleta mbao na misumari, basi wavulana wote ni maseremala. Siudharau ushonaji hata kidogo, nao umewatunza wajane wengi na kusomesha watoto wao. Bali msichana mwepesi wa hesabu, anayewasahihishia wenzake majawabu usiku, akikalishwa mbele ya cherehani kwa sababu tu cherehani kilikuwapo, amedhulumiwa, na ni dhuluma hiyo hiyo hata ikitendwa kwa nia njema na ikatolewa shukrani mbele ya wageni.

Uko na upande wa makaratasi, ambao wengi huuona mdogo mpaka unapomzuia mtu. Yatima anayeomba mkopo wa elimu ya juu hutakiwa kuonyesha vyeti vya vifo vya wazazi wake, vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Sasa yule aliyeokotwa stendi ya mabasi akiwa na miaka mitatu, ambaye baba yake hajulikani kuwa hai wala maiti, cheti chake atakitoa wapi? Anahitaji maelezo ya mamlaka yanayothibitisha hali yake, na maelezo ya namna hiyo hayapatikani kwa siku mbili. Cheti cha kuzaliwa ni vivyo hivyo, na namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo mtu mzima asipokuwa nayo hata laini ya simu hawezi kuisajili kwa jina lake. Afisa anayemtakia mtoto kazi huanza kuyakusanya haya mtoto akiwa darasa la tano, na ndani ya jalada lile lile huandika mtoto hupenda kufanya nini asipoamrishwa na mtu.

Najua afisa huyo huyo ndiye anayeketi mahakamani pamoja na mtoto mwenye kesi, ndiye anayesuluhisha magomvi ya matunzo, ndiye anayeulizwa habari za wazee wasio na watoto. Hawezi kuwa mjomba wa watoto wote wa wilaya. Anachoweza ni kuwatafuta wajomba, kuwachunguza na kuwaangalia. Na neno kuchunguza nalisema kwa uzito, kwa maana wako watu wanaomtaka yatima ili awe mtumishi wa bure, afue, apike na alee watoto wao, huku wakisema wanamfundisha maisha. Sheria yetu imeruhusu kazi nyepesi tangu miaka 14, kwa sharti isimdhuru mtoto wala kumzuia masomo yake, na sharti hilo halina mlinzi mwingine katika nyumba ya mtu ila afisa anayebisha hodi bila ya kutoa taarifa.

Basi ombi langu ni kwako, msomaji mwenye karakana, gereji, duka la dawa, shamba la kuku au afisi ya uhasibu. Kabla ya likizo ya Desemba, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, ukaandikishe jina lako na kazi yako, useme ni kijana gani unayeweza kumpokea kwa wiki chache ajionee kazi inavyofanywa, ukubali kuchunguzwa kama ipasavyo. Na yule kijana akikuridhisha, mruhusu aliandike jina lako pale karatasi inapouliza mdhamini wake ni nani.