Damu ya Maabara na Fimbo ya Mbali

Mwezi wa Novemba 2022, wataalamu wa Uingereza walitangaza jambo ambalo wazee wetu wangeliita muujiza. Walichukua seli shina kutoka katika damu ya mtoaji, wakazilea katika maabara hata zikawa chembechembe nyekundu, kisha wakazitia katika mwili wa binadamu. Habari hizo zilipozungumzwa hapa Kosele, jirani yangu alishangilia akisema kwamba sasa hatutaombwa damu tena.

Naomba kutofautiana naye. Kiasi alichotiwa kila mmoja katika jaribio lile hakikuzidi vijiko viwili vya chai, ilhali mfuko mmoja wa damu hukaribia nusu lita. Tena gharama yake ni kubwa mno. Waanzilishi wenyewe wanasema kwamba kwanza wanawalenga wenye aina za damu zilizo adimu, pamoja na wagonjwa wa selimundu, ambao miili yao huweza kuikataa damu ya wengine baada ya kuongezewa mara nyingi. Ugonjwa huo tunaufahamu vyema sisi wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria. Kwa hivyo siubezi utafiti huo, nauombea heri.

Lakini mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria hawezi kungoja miaka, wala hata siku moja. Niliwahi kukesha katika hospitali moja ambako jokofu la damu lilikuwa tupu. Jamaa za mgonjwa walitumwa usiku kutafuta watoaji, nao walirejea alfajiri na mtu mmoja tu. Shule zilikuwa zimefungwa, na humu nchini wanafunzi ndio watoaji wakubwa. Je, sisi watu wazima tumejificha wapi?

Maoni yangu ni kwamba Serikali ya Kaunti ya Homa Bay ilete wahudumu wa damu siku za soko, hasa wakati wa likizo, badala ya kungoja shule zifunguliwe. Nasi wenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi tujitokeze bila kushurutishwa. Chembechembe nyekundu huishi takriban siku 120 tu. Tunazozitoa, mwili huzirudisha.

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Maabara ya Uingereza iko mbali. Mkono wa jirani uko hapa Kosele.