Mlango wa Uyoga Uchagani wa Nini, na Masale Yapo?

Leo naongelea zile bustani ndogo za kwenye chungu ambazo zimejaa mitandaoni. Unachukua beseni au chungu kipana, unapanda vimajani, unatengeneza kinjia cha kokoto, unaweka kabenchi, halafu unamalizia na kamlango ambako eti vibwengo wenye mabawa ndo wanapita. Kuna dada mmoja maarufu wa Insta, simtaji, wenyewe mnamjua, naye kaposti ya kwake. Bustani kali kweli, sibishi. Ila mlango sasa! Plastiki, umbo la uyoga mwekundu wenye madoa meupe. Komenti zote: "Waoo, kama Ulaya!"

Kama Ulaya kwa lipi, wakati chungu kipo Moshi?

Tusidanganyane, mlango ndo roho ya hii kitu. Ukiutoa, kinachobaki ni chungu cha maua tu. Mlango ndo unasema hapa anaishi nani na nani anakaribishwa. Na hata wazungu wenyewe wanalijua hilo. Mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, Marekani, milango midogo ya namna hii ilianza kuonekana madukani na kwenye migahawa mwaka 2005. Mingi iliiga duka husika lilivyo. Yaani kibwengo wa pale alipewa mlango wa mtaa wake. Sisi wa kwetu tunampa wa kwenye katuni.

Na sio kwamba hatuna. Anza na masale. Mchaga yeyote anajua, kihamba kinazungushiwa masale, ndo mpaka na ndo uzio. Halafu isale lina uzito wake: mtu aliyekukosea akija nalo mkononi kuomba msamaha, kumkatalia sio jambo dogo. Niambie, uyoga wa plastiki una stori gani ya kushindana na hiyo? Panda vijiti viwili vya masale huku na huku kwenye kinjia, tayari una lango. Kijiti kinashika mizizi kirahisi tu, ila ukate kila kikirefuka, lasivyo kitaimeza bustani.

Ndani ya lango weka msonge, ile nyumba ya zamani ya mviringo. Nenda Marangu, wamejenga za kuonyesha wageni, uangalie mlango wake ulivyo. Paa lako unaezeka kwa nyasi au majani makavu ya mgomba. Ukitaka maajabu zaidi, tengeneza handaki. Wazee wetu walichimba mahandaki ya kujificha enzi za vita na Wamasai, na njia zake ni nyembamba, unapita umeinama. Tundu dogo chini ya jiwe jeusi la volkano, aisee, kibwengo gani atakataa?

Kama asili yenu ni pwani, chonga mlango wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ule uliotiwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nakshi za minyororo, samaki, na ile misumari mikubwa ya shaba. Misumari unaiga kwa pini za kichwa cha dhahabu.

Kipimo nacho msikikosee. Mlango wa kweli wa mita mbili, ukigawa kwa 24 unapata sentimita nane na kidogo. Huo unatosha kwenye beseni. Na kila kitu kingine kigawe hivyohivyo, sio benchi kubwa kuliko nyumba. Vipande vya mbao kamuombe fundi seremala, vingi huwa anavitupa. Piga vanishi, na mlango usimamishe juu ya jiwe bapa, sio kwenye udongo. Unamwagilia kila siku, mbao itaoza.

Najua kuna watakaosema masale sio ya kuchezea. Hoja ya kweli kabisa, na mi naiheshimu. Usikate kwenye mpaka wa mtu, omba kwa wenyewe. Ila jamani, vihamba vinagawanywa, masale yanang'olewa, inajengwa kuta ya tofali na geti la chuma. Kuna watoto wa mjini wanaujua uyoga wa katuni na isale hawajawahi kuligusa. Mtoto akiliona kwenye chungu atauliza, "Mama, hii nini?" Hapo ndo unapata nafasi ya kumwambia. Asipouliza leo, kesho utamwonyesha wapi?

Na hela pia ipo hapo. Mi niko Holili, mpakani na Taveta, naona bidhaa za kila aina zinavyopita. Wageni nao wanapanda Kilimanjaro kila mwaka. Mgeni ametoka Ulaya, utamuuzia uyoga wa Ulaya? Huyo anataka kamsonge, anataka kalango ka masale, na anataka umwambie maana yake. Kijana mwenye kisu na gundi anaweza kuanza na kachungu kamoja.

Kwa hiyo dada yetu, ukisoma hapa, bustani yako tunaipenda. Badilisha mlango tu.

Wengine mliotengeneza, tupieni picha kwenye komenti, na mseme mlango wenu ni wa kwa nani.