Mwongo wa Hadithini Hahitaji Kiboko

Wazazi na waandishi wengi wanaamini mtoto hataacha uongo mpaka aone mwongo akiumbuka. Ndiyo maana mchungaji anayepiga mayowe ya uongo lazima kondoo wake waliwe, na pua ya Pinocchio lazima irefuke. Imani hii ilipopimwa, ilianguka. Mwaka 2014 wanasaikolojia Kang Lee, Victoria Talwar na wenzao walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka 3 hadi 7. Mtoto aliachwa peke yake, kitu cha kuchezea kikiwa nyuma yake, akakatazwa kuchungulia. Wengi walichungulia. Kisha mtoto alisomewa hadithi, ndipo akaulizwa alichofanya. Waliosikia ya mchungaji au ya Pinocchio hawakusema kweli zaidi kuliko waliosomewa ya sungura na kobe, isiyohusu uongo hata kidogo. Waliokiri zaidi ni waliosomewa ya George Washington mdogo, aliyekata mti wa cheri, akakiri na kusifiwa na babaye. (Kisa hicho nacho kilitungwa tu na mwandishi wa wasifu wake, Mason Weems, lakini tumsamehe.) Watafiti walipokigeuza, Washington akadanganya na mambo yakamwendea vibaya, nguvu ya kisa ilitoweka.

Sababu haiko mbali. Mtoto anayesimuliwa mwongo aliyeumbuka husikia habari za mtu aliyekamatwa, na somo analoondoka nalo ni kutokamatwa. Tena jioni hiyohiyo husimuliwa Sungura akimlaghai Simba na kuponyoka, ukumbi mzima ukicheka. Na si hadithini tu: mwaka 2011 Talwar na Lee walilinganisha shule mbili za Afrika Magharibi, moja ikitumia viboko na nyingine bila viboko. Watoto wadogo wa shule ya viboko walidanganya zaidi, na waliutetea uongo wao kwa ustadi zaidi walipohojiwa.

Najua nitakayojibiwa: mchelea mwana kulia hulia yeye. Wengine watasema jaribio lile lilipima jibu la dakika chache, si tabia ya miaka. Hili la pili ni kweli, ila linawabana zaidi wao: kama hadithi ya adhabu haimgusi mtoto hata kwa dakika hizo, itamlindaje miaka kumi? Kuhusu la kwanza, sijasema kosa lipite bure. Msichana wa hadithini aliyenunulia pipi chenji ya mama na akakiri, bado anadaiwa chenji. Mwandishi anayemfutia deni kwa sababu amekiri anamdanganya msomaji vilevile. Lakini kulipa deni ni jambo moja, na kupigwa na mwandishi ili wengine waogope ni jingine. Kinachokosekana zaidi katika hadithi hizi ni sehemu ya katikati, kati ya kosa na kukiri: chakula kisichopita kooni, jina linaloitwa kutoka jikoni na moyo kuruka, maneno yanayopangwa kichwani na kuvurugika mlangoni. Waandishi wetu huruka hapo kwa sentensi moja, wakiwahi fimbo, ilhali hapo ndipo mtoto anayeficha jambo angejitambua.