Kujitwika na Kutwikwa

Neno msalaba limekuwa jepesi mno midomoni mwa watu wasioubeba. Mke aliyepigwa na mumewe, akienda kulia kwa wazee wa kanisa, huambiwa kuwa huo ndio msalaba wake. Kibarua aliyenyimwa ujira huambiwa avumilie, kwa kuwa mateso ya dunia ni nauli ya peponi. Mgonjwa aliyekatazwa kwenda hospitali huambiwa kwamba maumivu yanamtakasa. Anayetoa mashauri haya kwa kawaida hakupigwa, hakudhulumiwa, wala haumwi. Wahenga walisema kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huyu wa siku zetu amezidi, maana yeye humjua mwenye njaa, na humsifu kwa njaa yake.

Mafundisho hayo si Ukristo. Nayasema haya kwa vijana kwa sababu vijana ndio husikia neno sadaka wakiwa na moyo mwepesi wa kutoa, na moyo wa namna hiyo ni mali ambayo walaghai huitafuta.

Hapana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, ndani ya Kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya watu walioambiwa kwamba wakifunga hata kufa watakutana na Yesu. Miili iliyotolewa ardhini ilipita 400. Watoto walikuwa wengi. Madaktari walioichunguza walikuta kuwa wengi walikufa kwa njaa, na kwamba baadhi yao, watoto wakiwamo, walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Nani ana hatia na hatia yake ni kiasi gani, hilo ni la mahakama. Swali langu ni jingine, nalo ni letu sisi tusomao: je, ile njaa ilikuwa sadaka?

Wapo watakaojibu upesi kuwa ilikuwa wazimu tu. Jibu hilo ni rahisi, lakini halitoshi. Ukristo wenyewe huheshimu mtu aliyejitoa kufa kwa njaa kwa hiari yake, na jina lake limo katika orodha ya watakatifu. Ni lazima basi tuweze kusema tofauti ilipo, la sivyo mwalimu mwingine wa msituni atakuja kesho na hatutakuwa na neno la kumjibu.

Mtu huyo aliitwa Maximilian Kolbe, padre wa Poland, wa shirika la Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1941 Wajerumani waliotawala nchi yake walimfunga katika kambi ya Auschwitz. Mwishoni mwa Julai mfungwa mmoja alionekana kuwa ametoroka, na mkuu wa wafungwa akachagua watu kumi wafe kwa njaa ili kuwatisha waliosalia. Mmoja wa wale kumi, askari jina lake Franciszek Gajowniczek, alilia akimtaja mkewe na watoto wake. Kolbe hakuwa amechaguliwa. Alitoka katika mstari, akaomba kufa mahali pa yule mwenye watoto, akakubaliwa. Alikuwa na umri wa miaka 47. Katika chumba cha njaa alikaa pamoja na wenzake majuma mawili, akiomba pamoja nao na kuwafariji. Tarehe 14 Agosti alikuwa mmoja wa wachache waliokuwa bado hai, wakauawa kwa sindano ya sumu.

Tazama sasa njaa hizi mbili. Kwa macho ya mwili zinafanana: tumbo ni lile lile, kiu ni ile ile, na mifupa hutokeza vile vile. Lakini Kolbe hakuipenda njaa wala hakuitafuta; ilikuwa imekwisha kuletwa na waovu, ikamwelekea mtu mwingine, naye akajitia kati. Aliyekuwa na hiari ya kuchagua ndiye aliyeteswa. Na nyuma yake alibaki mtu hai. Shakahola, mtoto wa miaka minne hakuchagua chochote. Alichaguliwa. Na hakuna adui aliyekuwa amemzingira, hakuna maskini aliyepata kula mkate ambao yeye alinyimwa. Njaa yake haikuwa ngao ya mtu ye yote.

Lugha yetu hapa ina hekima. Wafasiri wa Injili walipofika mahali Yesu anapowaita wafuasi wake, walitumia kitenzi cha kujitwika. Silabi ile moja, ji, ina uzito kuliko mahubiri mengi. Mtu hujitwika mwenyewe. Anayemtwika mwenzake amefanya kazi ya askari wa Pilato, hata kama ameshika Biblia mkononi.

Najua watakaoleta habari ya Ibrahimu aliyempeleka mwanawe mlimani. Wailete, lakini wasiishie katikati ya njia. Habari ile huishia kwa kisu kuzuiwa, kondoo dume akichinjwa, na kijana akiachwa hai. Mwalimu anayesoma habari hii akatoka na kisu bado kimeinuliwa amesoma nusu tu, na nusu hiyo ni ya hatari. Ama kuhusu kufunga, nabii Isaya aliwakemea watu waliojitesa kwa saumu huku wakiwaonea vibarua wao, akawaambia kuwa saumu anayoipenda Mungu ni kufungua vifungo vya waliofungwa na kumpa mwenye njaa chakula. Saumu ya nabii humaliza njaa ya mwingine.

Na Bwana mwenyewe alifanyaje? Hatusomi popote kwamba mgonjwa alimjia akaambiwa akae na ugonjwa wake kwa faida ya roho. Aliwaponya. Walipotaka kumsukuma kutoka ukingo wa mlima kule Nazareti, alipita katikati yao akaenda zake. Walipookota mawe hekaluni, alijificha akatoka. Usiku wa Gethsemane aliomba kikombe kile kimwepuke, kama kulikuwa na njia. Jasho lake si la mtu anayeyapenda mauti. Zaidi ya yote, kumbuka ni nani aliyemshauri ajitupe kutoka juu ya kinara cha hekalu kwa kumtumaini Mungu. Ni Ibilisi. Naye alimshauri kwa maneno ya Zaburi.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, ambalo vijana waliosoma huliangukia. Wakishachoshwa na wahubiri wa uongo, husema kuwa kila sadaka ni upumbavu, na kwamba mwenye akili hujiokoa kwanza. Hao nawaelekeza hapa jirani, Uganda. Mwezi wa Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na maonevu yaliyokuwa yakitendwa na askari wake. Askofu Mkuu wao alikuwa Janani Luwum, Mwacholi wa Kitgum. Alijua hatari. Angeweza kunyamaza, na kunyamaza kwake kungeitwa busara. Tarehe 16 Februari aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kuwa ilikuwa ajali ya gari, na watu hawakuamini.

Luwum hakufa kwa sababu kufa ni kuzuri. Alikufa kwa sababu kuna watu waliokuwa wakikamatwa usiku na hawakuwa na wa kuwasemea. Na tazama jambo ambalo wahubiri wa mateso hulipita haraka: askofu mwenzake, Festo Kivengere, alikimbia mwezi uo huo, akivuka milima kwa miguu pamoja na mkewe hata Rwanda. Hakuna Mkristo mwenye akili aliyemwita mwoga. Paulo naye alishushwa kwa kapu ukutani Dameski. Aliyebaki na aliyekimbia walikuwa wa imani moja, kwa maana imani ile haikudai damu yao kama kodi. Ilidai wasiwaache watu. Kivengere alirudi Amin alipoangushwa mwaka 1979, akaendelea na kazi yake.

London, juu ya mlango wa magharibi wa kanisa la Westminster Abbey, zimewekwa tangu mwaka 1998 sanamu kumi za wafia dini wa karne ya 20. Luwum yumo, na Kolbe yumo. Ningependa anayewafundisha watoto kufa asimame chini ya mlango ule, anieleze ni yupi kati ya wale kumi aliyemtanguliza mwingine kaburini ili yeye abaki nyuma kuhesabu roho.

Wala nisiwadanganye kwamba sadaka ya kweli ni biashara yenye faida ya hakika. Gajowniczek aliokoka, akarudi kwa mkewe baada ya vita. Lakini wanawe wawili, wale aliowalilia, walikuwa wameuawa mwaka 1945 katika mashambulizi ya vita hiyo hiyo. Kolbe hakuweza kuwaokoa. Alimwokoa mmoja tu. Mmoja huyo aliishi miaka 53 zaidi, akifa mwaka 1995, na miaka mingi kati ya hiyo aliitumia kuzunguka akisimulia jambo aliloliona mstarini. Mwezi wa Oktoba 1982, Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza Kolbe kuwa mtakatifu, Gajowniczek alikuwako Roma, mzee wa miaka 80, akisikia jina la mtu aliyekula njaa yake.

Shakahola hakuna mtu wa kusimama hivyo. Tumehesabu zaidi ya miili 400 ya msitu ule, na hatujamwona hata mmoja anayeweza kusema kwamba yu hai leo kwa sababu wale walikufa.