Programu za ramani ziletwe na mahitaji yake



Napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo linalorudisha nyuma elimu ya kompyuta vijijini.

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA) na wengineo, ilianza kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani. Programu ya kufungulia picha za namna hiyo, QGIS, ni ya bure na hufanya kazi katika Windows, Linux na macOS. Kwa hiyo hata mwalimu wa shamba kama mimi anaweza kufundisha jiografia kwa kuwaonesha watoto kisima cha kijiji chao. Hili ni jambo la kujivunia.

Lakini programu ya kitaalamu haisimami peke yake. Ni kama ghorofa ya Mji Mkongwe juu ya boriti zake. QGIS huitegemea GDAL kusoma picha, PROJ kugeuza vipimo vya ramani, na Python kwa kazi nyingine nyingi. Kila moja ina matoleo yake. Katika Windows kwa kawaida huja zote pamoja, lakini katika Linux mara nyingi huchukuliwa kutoka hazina ya mfumo wenyewe. Ndiyo maana kompyuta mbili zenye QGIS ya jina moja huweza kutofautiana kwa ndani.

Tofauti hiyo si ndogo. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilitumia kipimo cha Arc 1960, na setilaiti hutumia WGS 84. Hapa kwetu vipimo hivi vimepishana kiasi cha mita 300. Kazi ya kusawazisha hufanywa na PROJ, ambayo tangu toleo la 6 la mwaka 2019 huhitaji faili liitwalo proj.db. Faili hilo likikosekana, au likiwa la toleo lisilolingana, kazi hukwama. Na ramani ikifunguliwa bila kusawazishwa, mita 300 zinatosha kulitia baharini jengo la Forodhani, na kukihamishia kisima chetu shehia ya jirani.

Walimu huitwa semina mjini, tukapewa flashi yenye kazi iliyotayarishwa kwenye kompyuta ya mkufunzi. Tukirudi shamba, kompyuta ya shule inaikataa. Bando la kupakulia yaliyopungua hutoka mfukoni mwa mwalimu. Hatimaye kompyuta hufunikwa kitambaa, na mwalimu huambiwa hakuelewa somo.

Wapo wasemao dawa ni shule zote kuwa na kompyuta za aina moja. Mimi sikubaliani nao. Kompyuta zetu nyingi ni za msaada, na msaada hauji kwa aina moja.

Nashauri hivi. Kwanza, kila kazi inayotolewa iambatane na orodha ya programu inazozitegemea na matoleo yake. Chombo cha bure kama conda huweza kuiandika orodha hiyo na kuijenga upya kwenye kompyuta nyingine. Orodha itaje yale makuu tu, kwani vipande vidogo vya Windows sivyo vya Linux. Pili, flashi ibebe programu zenyewe kwa kila mfumo, ili mtu asitegemee intaneti. Tatu, kabla semina haijafungwa, kazi ijaribiwe kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote zilizopo, wala si kwenye ile ya mkufunzi peke yake.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtayarishaji amkumbuke atakayeitumia kazi yake baada ya yeye kuondoka. Naomba wanaohusika walifikirie jambo hili, kwani picha za ardhi yetu hazitamfaa mtoto wa shamba iwapo hawezi kuzifungua.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Kaskazini Unguja.