Mama, mzigo huo mzito utaubeba kichwani hadi lini?

Akina mama wengi watokao sokoni Sirari hubeba mahindi na ndizi kichwani, mtoto yuko mgongoni. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20! Shingo na kiuno huumia, na kwa mjamzito hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke apewe pungufu sana. Mjamzito asibebeshwe, wala katika majuma 10 baada ya kujifungua, ikiwa daktari anaona kazi hiyo inaweza kumdhuru yeye au mtoto.

Ndiyo maana nayaunga mkono mabegi ya magurudumu, ila si yote. Yenye vigurudumu vya plastiki hufaa kwenye lami iendayo mpakani. Ukishika njia ya mawe na matope, yamekwama. Chagua magurudumu makubwa ya mpira na mpini unaofika kiunoni, usije ukainama njia nzima. Vizito viwe chini.

Begi likikosekana, baiskeli ya nyumbani inatosha. Lakini akina baba, siku ya soko baiskeli hiyo huwa wapi?